Viunganishi vya Kiingereza: weka orodha kando kwanza

Ninawafundisha Kiingereza watu wazima, wengi wao wakijiandaa kwa mtihani au kwa kazi yenye barua na ripoti nyingi. Karibu kila anayekuja huwa na orodha ya viunganishi aliyoikariri: "moreover", "furthermore", "nevertheless", "consequently". Maana ya kila kimoja anaijua. Lakini mpe aya aandike, utaona sentensi nne zimeanza na viunganishi vinne, na bado msomaji hajui hoja inaelekea wapi. Kwa hiyo namwomba aifunge ile orodha, tuanze upya hivi.

Andika sentensi mbili fupi bila kuziunganisha. Mfano: "She was ill. She finished the report." Kisha jiulize: hii ya pili inaihusuje ya kwanza? Ni sababu yake? Matokeo? Nyongeza? Sharti? Hapa tunaona mgonjwa kafanya jambo ambalo hukulitarajia, basi uhusiano ni wa kupingana. Usiguse kiunganishi chochote kabla ya kupata jibu hilo. Ukikosa jibu, huenda sentensi hizo hazina uhusiano, na hakuna kiunganishi kitakachozipa.

Sasa tazama kinachofuata baada ya kiunganishi. Hapa ndipo watu wengi wanapoangukia, na mimi hukaa hapa muda mrefu kuliko popote. Wazo lilelile moja linaweza kusemwa hivi:

She was ill, but she finished the report.
Although she was ill, she finished the report.
Despite her illness, she finished the report.
She was ill. However, she finished the report.

Maana inakaribiana, miundo ni minne. "But" hukaa katikati ya sentensi mbili kamili. Wenzake ni "and", "or", "so" na "yet". "Although" hudai kiima na kitenzi baada yake, kama "because", "while" na "unless", na kipande chake hakisimami peke yake. Ukiandika "Although she was ill" ukaweka nukta, umemwacha msomaji akingoja. "Despite" hufuatwa na nomino au kitenzi chenye -ing: "despite her illness", "despite being ill". Na tafadhali usiandike "despite of". Hiyo "of" ni ya "in spite of". "Because" na "because of" hutengana vivyo hivyo: "because it rained", lakini "because of the rain".

"However" ni wa kabila jingine kabisa. Hauunganishi sentensi mbili kisarufi. Unaonyesha tu kwamba hoja imegeuka. Kwa hiyo kabla yake weka nukta au nukta mkato, na baada yake mkato. "She was ill, however she finished the report" ni kosa ninalolisahihisha mara nyingi kuliko yote. "Therefore" na "moreover" hufuata kanuni hiyohiyo.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna mtego wetu. Tumezoea kusema "ingawa alikuwa mgonjwa, lakini aliimaliza ripoti", na hakuna anayeshtuka. Kiingereza kinataka kimoja tu: chagua "although" au chagua "but". Vivyo hivyo "kwa kuwa mvua ilinyesha, ndiyo maana tulichelewa" hutuzalishia "Because it rained, that is why we were late." Kata "that is why", inabaki "Because it rained, we were late." Na "even" peke yake haitoshi: "even though she is ill" ni kwamba kweli anaumwa, "even if she is ill" ni kwamba huenda anaumwa, huenda haumwi. "Unless" nayo imeshabeba kukanusha ndani yake. "I won't come unless you call me" maana yake usiponiita sitakuja, usiongeze "don't".

Ukishashika hayo, anza kupunguza. Katika IELTS, mtihani wa kimataifa wa kupima Kiingereza, mtiririko na mshikamano ni kimoja kati ya vigezo 4 vya kuandika, vyote vyenye uzito sawa, na kurundika viunganishi kupita kiasi huhesabiwa kasoro. Mara nyingi kinachoshikilia aya ni "this" pamoja na nomino: "Rents rose sharply. This increase forced many families to move." Hakuna "furthermore" wala "consequently", na hoja imeshikamana vizuri. Mbinu hii naipenda kuliko zote, na inasikitisha kwamba orodha za viunganishi huisahau.

Katika mazungumzo, "so", "but", "because" na "then" zinatosha karibu kila mahali. Jifunze pia kuweka "though" mwishoni: "It was expensive. I liked it, though." "Moreover" mdomoni husikika kama mtu anasoma barua ya ofisini.

Kwa mazoezi, chukua aya moja ya gazeti la Kiingereza, inakili, ufute viunganishi vyote na kuacha nafasi kila mwisho wa sentensi. Iache hadi kesho. Kisha jaza mwenyewe na ulinganishe na ya mwandishi. Pale ulipoweka "moreover" naye hakuweka chochote, soma sentensi hizo mbili kwa sauti bila neno lako, kisha uamue kama lilikuwa na kazi.