Mvua ya kwanza na hori la yuria

Kiangazi kikifika mwishoni, nyasi zimebaki makapi, wafugaji wengi huchanganya yuria, kemikali yenye nitrojeni inayotumika pia kama mbolea, kwenye chumvi ya kulamba iliyo horini. Ni msaada mkubwa: vijidudu vya tumboni huitumia kutengeneza protini, na ng'ombe anaweza kula nyasi kavu zaidi. Hatari huja na mvua ya kwanza. Yuria huyeyuka upesi, na maji yakituama kwenye hori, ng'ombe mwenye kiu akiyanywa anaweza kufa ndani ya saa chache. Inauma sana kupoteza mnyama aliyekwisha kuvuka kiangazi kizima.

Kwa hiyo toboa matundu chini ya hori, liinamishe upande mmoja, na ukiweza liezeke. Mawingu yakianza kukusanyika, usisubiri, ondoa mchanganyiko wote. Tena, ng'ombe mwenye njaa kali asianze na yuria, ashibe nyasi kwanza.

Ukimwona anatetemeka, anatoa mate mengi na tumbo limevimba, mwite daktari wa mifugo mara moja. Siki pamoja na maji baridi mengi, vikinyweshwa mapema, huokoa wengine. Mimi huweka siki tayari kabla mawingu hayajaonekana.