Mtoto anasoma kwa kudonoadonoa? Mrudishe ukurasa uleule

Mtoto akisoma "a-li-ku-wa-a-na-ku-la" kama anayehesabu vidole, usikimbilie kumnunulia kitabu kipya. Mrudishe kwenye kipande kilekile cha jana, maneno 50 hadi 100 tu, akisome mara 3 au 4. Anza wewe kwa sauti, kidole kikifuata mstari, kisha someni pamoja, halafu mwachie. Mara ya kwanza atakwamakwama. Kufikia ya tatu utasikia sauti ikipanda na kushuka kama ya mtu anayesimulia. Hapo ndipo akili inapopata nafasi ya kuelewa habari yenyewe, maana haihangaiki tena na silabi.

Akikwama, nyamaza. Hesabu moja mpaka tano kimoyomoyo kabla hujamtajia neno (mimi hili lilinishinda kwa miezi, ulimi ulikuwa unaniwasha). Neno refu kama "hawakutuambia" lifunike kwa kidole, umfunulie kipande kwa kipande: hawa-ku-tu-ambia.

Akikosea zaidi ya neno 1 katika kila 10, kitabu hicho bado kigumu kwake, tafuta chepesi. Dakika 10 kwa siku zinatosha. Akianza kupiga miayo, funga.