Ukipewa maiki karaoke Japani na umri wako ni thelathini na kitu

Anza na wimbo "Chiisana Koi no Uta" ya MONGOL800, bendi ya Okinawa. Ni ya 2001, wakati wengi wa rika hili walikuwa bado wanafunzi, na nyimbo za umri ule hazitoki kichwani. Beti zake zinakwenda karibu kama maongezi, halafu kiitikio kinarudi tena na tena, hivyo chumba kizima kitakupokea hata ukisahau maneno. Mimi naupenda kuliko yote kwa sababu hiyo: hauimbi peke yako.

Ukitaka wa polepole, "Sangatsu Kokonoka" ya Remioromen (2004) ni mwepesi na mtamu. Maana yake ni tarehe 9 Machi, na shuleni huimbwa sana kwenye mahafali. "Konayuki" ya bendi hiyohiyo iache kwanza. Kiitikio chake kinapanda juu mno, na koo lililochoka kazini haliwezi.

Na jambo ambalo wengi hawalitumii: mashine ya karaoke ina kitufe cha kushusha kii, yaani kuushusha wimbo mzima kwenye noti za chini zaidi. Bonyeza mara mbili au tatu kabla hujaanza, hasa kwa "Cherry" ya bendi ya Spitz (1996), maana sauti ya mwimbaji wake ni nyembamba na ya juu. Hakuna atakayekulaumu. Ukishaanza kukaza shingo kutafuta noti, utamu wote unakwisha, na wimbo wa ujanani unastahili kuimbwa kwa raha.