Homa isiyojulikana ikiingia kijijini, anza na daftari

Simu huja usiku, mara nyingi kutoka kwa mganga mfawidhi wa zahanati: wagonjwa wanne, homa kali, damu puani, kipimo cha malaria hakioni kitu. Kama mratibu wa ufuatiliaji wa magonjwa wa wilaya, namwambia kwanza awatenge, avae glavu na barakoa, na maiti isioshwe mpaka tufike. Kisha namwomba afungue daftari.

Kubalianeni kwanza nani anahesabiwa kuwa mgonjwa. Kwa mfano, mkazi yeyote wa kata aliyepata homa ndani ya wiki tatu, akatokwa damu au macho yakawa manjano. Mwanzoni acheni mlango wazi, mtaubana baadaye. Kila mtu apate mstari wake: umri, jinsia, kitongoji, kazi, nani alimuuguza, msiba gani alihudhuria, na siku alipoanza kuumwa.

Hiyo siku ya kuanza iulize vizuri. Mlipuko wangu wa kwanza niliandika siku waliyofika zahanati. Mchoro wa idadi ya wagonjwa kwa kila siku ukapanda ghafla siku moja baada ya mnada, nikapoteza siku mbili nikiwahoji mama ntilie. Kumbe ndiyo siku dawa zilipoletwa, na watu walikuwa wakizisubiri. Sasa siulizi tarehe. Nauliza, "Bibi, Ijumaa ulikwenda shamba? Siku ya maziko ulikuwa mzima?"

Umri na jinsia usivione vya kujazia fomu. Yambuku, Zaire, mwaka 1976, Ebola ilipoonekana huko kwa mara ya kwanza, ilionekana kwamba wanawake vijana waliugua kupita kiasi. Wengi walikuwa wamehudhuria kliniki ya wajawazito wakachomwa sindano, na hospitali ilikuwa ikiwapa wauguzi mabomba matano tu ya sindano kila asubuhi, yatumike tena na tena kwa kazi ya siku nzima. Wagonjwa walikuwa 318, walikufa 280.

Waulize pia wazima wa nyumba ileile. Aliyeugua alichota maji wapi, na asiyeugua je? Ruangwa, mkoani Lindi, Julai 2022, watu 20 waliugua na watatu wakafariki. Vipimo vya Ebola, Marburg na Uviko-19 vilitoka hasi. Ikabainika ni homa ya mgunda, ambayo bakteria wake hutoka kwenye mkojo wa panya na wanyama wengine, na antibiotiki huitibu. Kwa hiyo tazama ghala, dimbwi, na miguu peku shambani.

Damu ichukuliwe na aliyefunzwa, ikiwezekana kabla ya antibiotiki, lakini matibabu yasicheleweshwe. Namba ya chupa ilingane na mstari wa daftari, kisha ifungwe tabaka tatu na kusafirishwa kwenye kasha lenye barafu.

Majibu yakirudi, usimwachie mtendaji kuyabandika ukutani. Nenda mwenyewe, uanzie nyumba zilizofiwa, kabla ya mkutano wa kijiji.