Kusoma na kuandika Usenet kwa Thunderbird, hatua kwa hatua

Usenet ni mtandao wa makundi ya habari, yaani mijadala ya maandishi ambamo kila ujumbe unaotumwa huitwa makala. Google Groups, huduma ya Google ya kusomea mijadala hiyo, iliacha kupokea makala mapya ya Usenet tarehe 22 Februari 2024, na hadi leo nakutana na watu wanaoamini kwamba siku hiyo makundi ya habari yalikufa. Yangekufaje, ikiwa si mali ya Google wala ya mtu yeyote? Tom Truscott na Jim Ellis, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke huko Marekani, waliyabuni mwaka 1979 kwa wazo ambalo bado linafanya kazi: kila seva, yaani kompyuta inayohifadhi na kugawa makala, hutunza nakala yake na kuipitishia seva jirani, nayo hupitishia nyingine. Moja ikizimwa, mazungumzo hupita kwingine. Ni humu pia Linus Torvalds alimotangaza mfumo endeshi wa kompyuta tunaouita leo Linux, katika kundi la comp.os.minix, tarehe 25 Agosti 1991.

Mimi nayasoma kwa Thunderbird, programu ya bure ya baruapepe, na sababu yangu kubwa ni bando. Makala ni maandishi matupu, hayana picha wala matangazo. Moja huwa kilobaiti chache tu. Asubuhi nawasha intaneti kidogo, navuta yaliyoingia, nazima, kisha nasoma kwa utulivu. Kazi hii ifanyie kwenye kompyuta, kwa sababu Thunderbird ya simu haina sehemu ya makundi ya habari.

Hatua ya 1: Pata seva. Zamani kampuni za intaneti ziliitoa pamoja na huduma zao, nyingi zimeacha. Ninayoipendekeza ni Eternal September, ya bure, inayobeba makundi ya maandishi peke yake. Jisajili kwenye eternal-september.org upate jina la mtumiaji na neno la siri. Jina la seva hii lina kisa chake. Miaka ya mwanzo, kila Septemba wanafunzi wapya wa vyuo waliingia Usenet bila kujua adabu zake, wakafundwa hadi wakazoea. Kuanzia 1993 umma ukaanza kufunguliwa milango, wageni wakawa wanaingia mwaka mzima, na wenyeji wakasema Septemba haiishi tena.

Hatua ya 2: Fungua akaunti. Bofya menyu ya mistari mitatu, chagua "New Account", halafu "Newsgroup". Kama toleo lako ni la zamani, nenda "Account Settings", bofya "Account Actions" pale chini, kisha "Add Newsgroup Account". Utaulizwa jina na anwani ya baruapepe. Tulia hapa: anwani hiyo itaonekana kwa kila msomaji duniani, na wanaokusanya anwani ili kutuma barua taka wanaiona pia. Tumia anwani ya pembeni, au fanya kama wengi wafanyavyo, uandike anwani isiyo ya kweli inayoishia na .invalid. Kwenye jina la seva andika news.eternal-september.org, kisha maliza.

Hatua ya 3: Rekebisha mipangilio ya seva. Wengi niliowasaidia walikwama hapa, kwa hiyo usiruke. Bofya kulia jina la akaunti, fungua "Settings", kisha "Server Settings". Kwenye "Connection security" chagua SSL/TLS. Namba ya poti itabadilika kutoka 119 kuwa 563. Hapo neno lako la siri linasafiri likiwa limefichwa. Kisha weka tiki kwenye "Always request authentication when connecting to this server". Bila tiki hiyo seva haikutambui, inakuonyesha makundi machache tu, nawe unadhani ndiyo yote yaliyopo.

Ukiwa hapohapo kwenye mipangilio, ingia "Composition & Addressing" uondoe tiki ya "Compose messages in HTML format". Usenet ni ya maandishi matupu, na ujumbe wenye rangi na herufi za mapambo unasomeka vibaya kwa wenzako.

Hatua ya 4: Jiunge na makundi. Bofya kulia akaunti, chagua "Subscribe", ingiza jina la mtumiaji na neno la siri. Orodha ni ndefu. Mara ya kwanza isubiri ishuke. Majina husomwa kuanzia kushoto, kutoka jambo pana kwenda dogo: comp ni kompyuta, sci ni sayansi, rec ni burudani, soc ni jamii. Hivyo comp.lang.c ni kundi la lugha ya C. Mazungumzo mengi ni ya Kiingereza, lakini msomaji wa Kifaransa aliyeko Bujumbura au Goma ana tawi zima la fr. Anza na makundi mawili au matatu.

Hatua ya 5: Usivute yote. Ukifungua kundi lenye makala mengi, Thunderbird itakuuliza kama unataka vichwa vya makala yote au 500 tu. Chagua 500. Siku moja nilibofya "vyote" kwa haraka, nikiwa natumia intaneti ya simu, na bando la wiki nzima likaondoka na vichwa vya miaka ambavyo sikuwa na haja navyo.

Hatua ya 6: Soma bila intaneti. Kwenye mipangilio ya akaunti fungua "Synchronization & Storage", halafu "Select newsgroups for offline use", uchague makundi yako. Baada ya hapo, kwenye menyu ya "File", nenda "Offline" kisha "Download/Sync Now". Wakati wa kusoma, kitufe cha N kinakupeleka kwenye makala yasiyosomwa, na K kinanyamazisha uzi mzima usiokuhusu.

Hatua ya 7: Andika. Kwanza sikiliza kundi kwa wiki moja hivi. Kujibu hadharani bofya "Followup". "Reply" humwendea mwandishi peke yake. Nukuu sehemu unayoijibu tu, na jibu lako liwe chini yake. Pima maneno kabla ya kutuma, kwani seva nyingi hazitii ombi la kufuta.

Ujumbe wa kwanza kabisa utume alt.test, kundi lililowekwa kwa ajili ya majaribio. Ukiuona umeingia, fungua makala ya mtu mwingine yeyote ubonyeze Ctrl+U, utafute mstari unaoanza na Path. Majina yaliyotenganishwa kwa alama za mshangao ni seva zilizopokezana makala hayo: yaliyo kulia ndiyo yalikoanzia, ya kushoto kabisa ni seva yako.