Usipitilize kiwanja: hatua za kutua kando ya ziwa

Ndege ndogo ikipitiliza mwisho wa njia ya kutua, watu husema breki zimekataa. Nafundisha marubani hapa Mwanza, na mara nyingi nakuta breki ni nzima. Kosa huwa limeshafanyika hewani: kasi imezidi, au ndege imegusa chini mbali mno. Kwa hiyo kazi kubwa ya kuzuia ajali hii inafanyika kabla ya magurudumu kugusa chini.

Hatua ya 1: Piga hesabu ukiwa bado chini

Uwanja wa Mwanza uko futi 3,763 juu ya usawa wa bahari. Joto likifika nyuzi 28, hewa inakuwa nyepesi na ndege inaruka kana kwamba iko futi 6,200 hivi. Kipimo cha kasi kinasoma noti (maili za baharini kwa saa) zilezile ulizozoea, ila ardhi inapita chini yako kwa kasi zaidi kwa karibu asilimia 10, na mwendo wa kusimama unarefuka kwa takriban moja ya tano.

Soma kwenye kitabu cha ndege umbali wa kutua kwa mwinuko na joto hilo. Tuseme ni mita 460. Nyasi zimelowa? Zidisha kwa 1.35. Upepo wa mkiani umefika sehemu ya kumi ya kasi ya kutua? Zidisha kwa 1.2. Mwisho zidisha kwa 1.43, ambayo ni akiba ya usalama. Vizidisho hivi vinapendekezwa na mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza, nami navitumia kila safari. Jibu ni mita 1,066. Kiwanja cha mita 900 hakikutoshi, hata kama mwenzako alitua pale jana salama.

Hatua ya 2: Soma upepo upya ukifika

Asubuhi upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Mchana ziwa linaurudisha. Niliwahi kuondoka na upepo wa asubuhi kichwani, nikafika saa nane mchana kwenye kiwanja cha nyasi na kutua upande uleule wa siku zote. Soksi ya upepo, mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo unakoelekea, ilikuwa imechanika, nami sikutazama moshi wa majikoni wala mawimbi; kumbe upepo sasa ulikuwa mkiani. Nilikanyaga breki, magurudumu yakaganda, ndege ikaendelea kuteleza juu ya nyasi zilizolala. Tulisimama hatua chache tu kutoka kwenye nyavu zilizoanikwa dagaa. Mama mmoja alikuwa ameinama akiwageuza. Hadi leo nazunguka juu ya kiwanja mara moja kabla ya kushuka.

Hatua ya 3: Shika kasi ya kitabu

Kwa Cessna 172S, ndege ndogo ya viti vinne, kasi ya kuingia kwenye kiwanja kifupi, flapu (vibao vya nyuma ya mabawa) zote zikiwa chini, ni noti 61 ikiwa na uzito kamili. Ukizidisha kasi kwa asilimia 10, mwendo wa kusimama unaongezeka kwa asilimia 21, na bado hujahesabu mita unazopoteza ndege ikielea bila kugusa.

Hatua ya 4: Chagua alama ya kukata shauri

Tafuta mti au kibanda kilicho kwenye theluthi ya kwanza ya njia. Ukifika hapo magurudumu hayajagusa, sukuma throto (mkono wa nguvu ya injini) yote, upae tena. Usingoje, maana kwenye mwinuko na joto letu injini haina nguvu iliyo nayo pwani na ndege inapanda polepole.

Hatua ya 5: Breki

Shusha pua kwanza, kisha kandamiza taratibu. Gurudumu lililoganda halisimamishi ndege. Kwenye lami yenye maji yaliyotuama, tairi iliyojazwa hewa pauni 30 kwa inchi ya mraba inaweza kuanza kuelea karibu noti 49.

Hatua ya 6: Ukiona njia inaisha

Funga mafuta, zima swichi, fungua kitasa cha mlango, kisha elekeza ndege penye nafasi, mbali na watu. Viwanja kama Bukoba vina ncha iliyo karibu na maji, hivyo boya livaliwe kiunoni kabla ya kuruka. Mweleze kila abiria asilijaze hewa mpaka awe ametoka nje ya mlango.