Unataka kuunda injini za roketi? Anzia hapa
Hesabu na fizikia zishike vizuri kwanza, alafu chuo soma uhandisi wa mitambo au wa anga, yoyote inakubalika. Ila komaa na themodainamiki, yaani fizikia ya joto na nishati, maana kazi yenyewe ndo iko hapo, ndani ya chemba ya injini, pale mafuta yanapoungulia, moto unapita nyuzi 3,000 za Selsiasi na shaba ya ukuta wake inayeyuka kwenye 1,085, kwa hiyo mafuta ya baridi yanazungushwa kwanza kwenye vijia vyembamba ndani ya ukuta ndo yaende kuungua, na wewe ndo unapiga hesabu za hivyo vijia, raha sana hii! Ingia timu ya roketi ya wanafunzi, shika spana, chambua data za majaribio. Ukitaka kazi Marekani ulizia mapema, sheria yao ya ITAR, inayodhibiti teknolojia za kijeshi na za roketi, inawabana sana wageni.